Mtoto Huyu Anaitwa Nani? Majina Yetu na Ubatizo Katika Nchi ya Ugogo

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, tulikaa kivulini na vijana wa Kilutheri wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma, si mbali na ukumbi wa Chimwaga. Somo la siku lilikuwa juu ya Mchungaji Mwema, ambaye huwaita kondoo wake kwa majina yao (Yn 10:3). Ili kulifungua somo, tukamwomba kila mmoja ataje jina lake la kwanza, aseme nani alimpa, na yeye mwenyewe analionaje. Tulidhani jambo hilo lingechukua dakika kumi. Lilichukua saa mbili, na somo lenyewe hatukulifikia.

Dada mmoja aitwaye Happiness alisema kwamba tangu shule ya msingi watu wamemdai tabasamu. Hata siku ya msiba wa baba yake kuna aliyemwambia kuwa jina lake halifanani na machozi. Kijana aitwaye Godlisten alisema analipenda jina lake, maana mama yake alikaa miaka tisa akiomba mtoto, na kila akiitwa anaikumbuka ile miaka tisa. Mwingine, ambaye kwao huitwa Tabu, alisema kwamba kwenye barua za kuomba kazi huandika herufi T na nukta, basi. Wa mwisho alikuwa kijana wa hapa hapa Ugogo. Alitaja jina la Kibiblia tunalolijua sote, akanyamaza, kisha akasema: "Mchungaji, nina jina jingine alilonipa bibi. Nililificha tangu kidato cha kwanza, bweni zima liliponicheka. Siku hizi analitumia bibi peke yake. Akifa, nadhani litazikwa naye."

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani. Tulijiuliza: huyu kijana alijifunza wapi kwamba jina alilopewa na bibi yake ni la kufichwa? Bwenini, ndiyo. Lakini je, na kanisani pia? Katika insha hii tunataka kwanza kuitazama njia ambayo majina yetu yamepita katika nchi hii ya kati, kisha tuseme waziwazi mahali ambapo sisi wenyewe, kama mchungaji, tulikosea.

Majina ya mvua na majina ya njaa

Tuanze na jina la mji wetu. Simulizi inayojulikana na wengi husema kwamba tembo alifika kunywa maji kwenye chemchemi, akakwama katika tope na kudidimia, na watu walioona wakasema kwa Kigogo kwamba amezama. Neno hilo ndilo lililozaa jina la Dodoma. Mwaka 1973 taifa lilipoamua kuhamishia makao makuu hapa, na mwaka 2018 mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji, hakuna aliyesema kwamba makao makuu ya nchi hayafai kuitwa kwa jina la mnyama aliyezama. Jina linakumbusha jambo lililotokea, na hilo linatosha.

Hivyo ndivyo wazee wa nchi hii walivyowapa watoto majina. Kama ilivyo kwa makabila mengi ya Tanzania, mtoto aliweza kurithi jina la babu au bibi aliyetangulia, au kupewa jina la tukio la siku zile: safari ya baba, msiba wa jirani, mwaka wa ng'ombe kufa, mwaka wa mvua. Nchi yetu ni kame. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikikosea hazina kurudia. Kwa hiyo si ajabu kwamba mvua na njaa zimeingia katika majina ya watu. Neno kutonya kwa Kigogo ni kunyesha. Mgogo akilisikia jina la Matonya, sikio lake husikia matone ya mvua.

Hapa tuna jambo la kusikitikia. Jina hilo hilo, kwa sababu mzee mmoja aliyejulikana sana aliomba sadaka katika barabara za Dar es Salaam, liligeuzwa na Watanzania wengi kuwa neno la kumdhihaki ombaomba yeyote. Jina lililobeba baraka iliyo kubwa kuliko zote katika nchi kame likawa tusi midomoni mwa watu wasiojua Kigogo. Vijana wetu wanaposoma mbali na nyumbani hukutana na kicheko hicho. Nani atashangaa wakificha majina?

Njaa nayo ina historia yake. Wazee walizipa njaa kubwa majina, kama vile watu wengine wanavyovipa vita majina. Iliyo mbaya kuliko zote katika kumbukumbu ya Wagogo ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Kabla ya njaa hiyo, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana, na mafua makali yaliyozunguka dunia nzima mwaka 1918 yakaikuta nchi iliyokwisha dhoofu. Maelfu ya watu walikufa. Waliosalia waliendelea kuhesabu miaka kwa kuanzia hapo. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, mzazi akimwita mtoto kwa jina linalotokana na nzala, yaani njaa, hamtukani mtoto. Anaandika historia mahali pekee ambapo hapatapotea.

Wala jambo hili si la Wagogo peke yao. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki. Alipobatizwa mwaka 1943 akaongezewa jina la Julius. Taifa zima lilimjua kwa majina yote mawili, na hatujasikia kwamba jina la mvua lilimpunguzia imani yake.

Maji ya ubatizo na majina mapya

Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kuanzia mwaka 1878 kituo chao kikawa cha kudumu. Mwaka 1900 kazi ikaanzishwa Mvumi. Hao walikuwa Waanglikana, na sisi Walutheri tuliokuja Ugogo baadaye hatuna budi kuwashukuru, maana walilima shamba ambalo nasi tunavuna. Pamoja na Injili walileta desturi ya jina la ubatizo. Mtu aliyetoka majini alitoka akiitwa Yohana, Petro, Mariamu au Danieli.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Kwa Mkristo wa kwanza katika kijiji, jina jipya lilikuwa ushuhuda. Lilisema mbele ya ukoo mzima kwamba mtu huyu ameingia katika agano jingine. Wengi walilichagua wenyewe, wakalipenda, wakalitetea. Tena majina hayo yalivaa mavazi ya hapa: Johannes na John wakawa Yohana, Jacob akawa Yakobo. Hatuna haki ya kusema leo kwamba babu zetu hawakujua walichokifanya.

Hata hivyo kuna majina yaliyotolewa kwa namna nyingine. Watumwa waliokombolewa baharini na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, nchini India, walipewa majina ya watu wa Uingereza. Mmoja wao ni Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao, ambaye mwaka 1873 alisoma maneno ya maziko pale moyo wa David Livingstone ulipozikwa, akachonga maandishi kwenye mti. Tunamjua kwa jina la Wainwright. Jina ambalo mama yake alimwita, kabla ya wafanyabiashara wa watumwa kumchukua, historia haikulitunza. Hapo ndipo tunapoona tofauti. Mtu anaweza kuongezewa jina, na mtu anaweza kufutiwa jina.

Katika nchi yetu ya kati watu wengi walichagua kuongeza. Tazama majina ya watu tunaowajua. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, ndiye aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Jina la kwanza ni la mtume aliyechaguliwa kushika nafasi ya Yuda, na la pili ni la nyumbani. Job Lusinde alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa nchi hii, na John Malecela alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994. Jina la mbele limetoka katika Biblia, la nyuma limetoka katika ukoo, na mtu mmoja ameyabeba yote bila kuanguka. Mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana katika Tanganyika. Omari ni jina lililozoeleka miongoni mwa Waislamu. Kanisa lilimwekea mikono na jina hilo likiwa juu yake.

Hata ardhi ya mji wetu imepitia safari hiyo hiyo. Shule ya sekondari iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti iliitwa Alliance. Baadaye ikaitwa Mazengo, kwa heshima ya mtemi mashuhuri wa Mvumi. Tangu mwaka 2007 mahali hapo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Jina la Kiingereza, jina la Kigogo, jina la Biblia, na udongo ni ule ule.

Majina yaliyotoka Kaskazini

Sharika zetu za Kilutheri mjini Dodoma zimekuzwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji: watumishi wa serikali, walimu, wafanyabiashara, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa kwa vitendo, wengi zaidi. Walikuja na majina yao. Mgeni akisoma daftari la kipaimara atakutana na Elibariki, Elifuraha, Elirehema, Eliamani, Elisante na Aikaeli.

Majina haya ni tunda la Kilutheri la Uchaggani, Upare na Umeru, ambako Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Wakristo wa huko walilichukua neno la Kiebrania Eli, wakaliunganisha na lugha ya nyumbani. Aika ni shukrani kwa Kichagga. Aikaeli ni shukrani kwa Mungu. Baadaye wakaunganisha na Kiswahili. Hakuna mmisionari aliyeleta jina la Elibariki katika sanduku kutoka Ujerumani. Ni mazao ya shamba letu. Kanisa letu limepata hata askofu mwenye jina la namna hiyo, Askofu Elinaza Sendoro wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Tena tukumbuke neno hilo limetoka wapi. Eli ni mlio wa Bwana wetu msalabani, alipomwita Mungu wake katika saa ya giza (Mt 27:46). Mama anapomwita mwanawe Elifuraha, anaunganisha mlio wa Ijumaa Kuu na furaha ya Pasaka katika jina moja, pengine bila kujua. Tumewahi kusoma theolojia ndefu isiyosema mengi kama hayo.

Wakati huo huo Kiswahili kilizaa majina yake yenyewe: Neema, Baraka, Upendo, Tumaini, Faraja, Rehema, Imani. Kuna waliosema haya si majina ya Kikristo kwa sababu hayamo katika orodha ya watakatifu. Lakini Yohana kwa Kiebrania maana yake ni kwamba Bwana ana neema. Debora ni nyuki. Raheli ni kondoo jike. Tamari ni mtende. Yona ni njiwa. Petro ni mwamba, na mtu wa Dodoma hahitaji mwalimu wa kumweleza mwamba ni nini. Waebrania waliwaita watoto wao kwa mambo waliyoyaona nyumbani na malishoni, kama bibi zetu. Tofauti ni kwamba majina yao tumeyapokea bila tafsiri, ndiyo maana tunadhani yameshuka kutoka mbinguni.

Jirani zetu walivyojaribiwa

Ili tusidhani kwamba dawa ni kufuta majina ya Biblia, tuangalie yaliyotokea nchi jirani. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliwaamuru raia waache majina yao ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na ikambidi akae Roma kwa muda akiwa kama mkimbizi. Malula hakuwa mtumwa wa Ulaya; ni yeye aliyepigania liturujia yenye sura ya Kiafrika. Alichokikataa ni serikali kuingiza mkono mahali ambapo mzazi, kanisa na mtu mwenyewe wanakutana.

Tanzania haikupita njia hiyo, hata katika miaka ya Azimio la Arusha. Tumshukuru Mungu. Lakini amri haitoki serikalini tu. Kicheko cha bweni ni amri. Uso wa mchungaji uliokunjamana mbele ya birika la ubatizo nao ni amri.

Godlisten na wenzake

Siku hizi wimbi ni la Kiingereza. Goodluck, Godbless, Praygod, Precious, Glory, Witness, Prosper, Brightness. Wazee hutikisa vichwa. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba akisikia mchungaji akitangaza majina ya watoto wa ubatizo, anadhani anasomewa mabango ya maduka.

Tulicheka naye, lakini tusiishie kwenye kicheko. Godlisten ni sala ya mama. Katika Biblia Hana alimwita mwanawe Samweli kwa sababu alimwomba kwa Bwana (1 Sam 1:20). Ni moyo ule ule. Kinachotusumbua ni pale ambapo mzazi anachagua Kiingereza kwa kuamini kwamba Mungu, au mwajiri, au jirani, atamheshimu mtoto zaidi. Babu zetu walifundishwa kwamba jina la Kizungu ndilo jina la Kikristo. Sisi tumewafundisha watoto wetu kwamba jina la Kiingereza ndilo jina la maendeleo. Nguo imebadilishwa rangi, kitambaa ni kile kile.

Kosa letu

Sasa tuseme la kwetu. Miaka michache baada ya kubarikiwa uchungaji tulihudumu katika usharika mmoja wa vijijini, mashariki ya mji. Dada mmoja kijana alileta binti yake abatizwe. Alitaka mtoto aitwe kwa jina la bibi yake, jina la Kigogo lenye maana ya njaa. Upande wa mume, waliotoka mkoa mwingine, hawakutaka hata kulisikia. Walitaka Precious. Wakaja kwetu tuamue.

Hatukumwuliza yule dada kwa nini. Tulimwambia, kwa sauti ya upole tuliyoizoea, kwamba mtoto anazaliwa mara ya pili katika Kristo aliye mkate wa uzima, na haifai aingie kanisani akiitwa njaa. Tulidhani tumehubiri vizuri. Dada yule aliinama, akasema, "Sawa, mchungaji." Mtoto akabatizwa Precious. Tuliandika jina hilo katika kitabu cha usharika kwa mkono wetu.

Wiki kadhaa baadaye tulikwenda kumpa Chakula cha Bwana yule bibi, ambaye hakuwa na nguvu tena za kuja kanisani. Tukamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, bibi," akaitikia, akatukaribisha kwenye kigoda. Alipokwisha kupokea, akasema: "Mwanangu mchungaji, nimesikia ulilikataa jina langu." Tukaanza kueleza. Akatungoja hadi tukamaliza, kama mtu anavyomngoja mtoto. Kisha akasema: "Mwaka niliozaliwa, mama alizika watoto wawili. Mimi nilibaki. Waliokufa kwa njaa hawakuitwa jina hilo. Nimeitwa mimi niliyepona."

Hatukuwa na la kujibu. Bibi huyo hakulipita masika ya mwaka uliofuata. Tulimzika kwa jina lake la ubatizo, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye kadi yake ya usharika. Wajukuu walipomlilia kaburini walimlilia kwa jina lile jingine, na sisi tulisimama pale na kitabu cha ibada mkononi tukijua kwamba tulikuwa tumeliondoa jina hilo mahali ambapo lingeweza kuendelea kuishi. Yule kijana wa Chimwaga aliposema kwamba jina lake litazikwa pamoja na bibi, tulikuwa tumekwisha kuliona jambo hilo likitendeka, nasi tukiwa na sehemu ndani yake.

Tulichokisoma tena

Tulirudi kwenye Maandiko, tukaona tulivyosoma haraka. Mtume Paulo alikuwa na rafiki mpendwa aitwaye Epafrodito (Flp 2:25), jina linalotokana na mungu mke wa Wayunani. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Apolo, yule mwalimu hodari, nao walibeba majina ya miungu ya kigeni. Hatusomi mahali popote kwamba waliambiwa wayaache. Hata Sauli hakupewa jina la Paulo siku ya ubatizo wake. Kitabu cha Matendo kinamtaja kwa majina yote mawili baadaye kabisa, akiwa safarini Kipro (Mdo 13:9).

Vijana watatu wa Kiyahudi huko Babeli walilazimishwa kuitwa Shadraka, Meshaki na Abednego (Dan 1:7). Kwa majina hayo ya kigeni waliingia katika tanuru la moto, na kwa majina hayo tunawakumbuka hata leo. Tunalisema hili kwa ajili ya kila Happiness na kila Goodluck anayeona haya mbele ya wazee: imani haikai katika asili ya neno.

Kuna pia majina yanayoumiza. Raheli alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wake, na Yakobo akambadilishia, akamwita Benyamini (Mwa 35:18). Kwa hiyo yule kijana anayeficha Tabu nyuma ya herufi moja ana ruhusa ya Biblia kubadilisha akitaka. Lakini Biblia inatueleza pia juu ya Yabesi, aliyepewa jina la uchungu na mama yake. Hakubadilishiwa jina. Alimwita Mungu, na Mungu akampa alichoomba (1 Nya 4:9–10). Njia zote mbili zimo. Anayejua ipi ni yake ni mwenye jina, akisikilizwa.

Na baba yetu Martin Luther? Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martin, ndiyo maana akaitwa Martin. Jina lake lilitokana na siku, kama majina ya watoto wetu yanayotokana na mvua. Ukoo wao uliandikwa Luder. Mwaka 1517 alianza kuliandika Luther, na kwa muda alipenda kutia sahihi kwa jina la Kiyunani lenye maana ya mtu aliyewekwa huru. Alipofundisha juu ya ubatizo katika Katekisimo hakuweka uzito kwenye jina la mtoto. Uzito aliuweka kwenye neno la Mungu lililo pamoja na maji. Jina linalookoa katika ubatizo ni la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hilo likiisha kutamkwa juu ya mtoto, jina alilopewa na bibi yake halina uwezo wa kumzuia Mungu.

Tunavyofanya sasa

Siku hizi, wazazi wanapokuja kuandikisha ubatizo, hatuulizi kwanza juu ya jina la Kikristo. Tunauliza: mtoto huyu anaitwa nani nyumbani, na ni nani aliyempa jina hilo? Mara nyingi wazazi hawajui, tunawaomba wakaulize. Wengine wamerudi na habari za babu waliyekuwa hawajawahi kuzisikia. Katika kitabu cha usharika tunaandika majina yote ambayo familia imekubaliana, kwa mpangilio wanaoutaka wao. Ikiwa pande mbili hazielewani, hatuamui siku hiyo. Tunawasomea habari za Elisabeti na Zakaria, jinsi majirani na jamaa walivyoingilia jina la mtoto wao, na jinsi walivyongojwa hadi baba akaandika kibaoni (Lk 1:59–63). Kisha tunawaacha wazungumze.

Tunawaomba washarika nanyi mtusaidie. Mwalimu wa shule ya Jumapili akisikia watoto wakimcheka mwenzao kwa jina lake, asipite. Amwombe mwenye jina awaeleze wenzake habari yake. Bibi na babu, msingoje kuulizwa. Na ninyi vijana wa Chimwaga, kabla ya kuandika herufi moja na nukta, nendeni nyumbani likizo ijayo mkaulize.

Precious wa usharika ule sasa ni msichana mkubwa, na mwaka huu yumo katika darasa la kipaimara. Mama yake alitupigia simu. Binti anataka siku ya kipaimara aitwe madhabahuni kwa majina mawili, Precious na lile la bibi wa mama yake. Aliuliza kama inaruhusiwa. Tulimwambia kwamba inaruhusiwa, na kwamba tungekuwa tumeliruhusu tangu mwanzo kama tungalikuwa na masikio. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, kama siku ile, "Sawa, mchungaji." Tukamwomba msamaha. Tukamwuliza jina hilo linaandikwaje sawasawa, herufi kwa herufi, naye akatutajia tukiandika.